Haki ya Muuzaji na Haki ya Mnunuzi

Zamani mtu aliyetaka mchele wa Mbeya alikwenda sokoni kwa miguu yake. Alisimama mbele ya gunia, akalichoma kwa bambo, akazimimina punje kiganjani, akazinusa, akatafuna moja mbili, ndipo akatoa fedha. Akifika nyumbani na mchele mbovu, alijilaumu mwenyewe, maana macho yake yalikuwapo. Leo mnunuzi yupo Dar es Salaam na mchele upo Mwanjelwa. Huona picha katika simu, hutuma fedha kwa simu, kisha hungoja mzigo unaosafiri kwa basi zaidi ya kilomita 800. Yeye amemwamini mtu asiyemjua. Na muuzaji naye, akiisha kuukabidhi mzigo katika ofisi ya basi, hajui utapokewa na mtu wa namna gani.

Hatuilaumu biashara hii. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu katika nchi yetu mwaka 2008, mkulima wa Kyela, kijana wa Mafinga na mama msuka vikapu wa Iringa wamepata wanunuzi ambao baba zao wasingeweza kuwafikia. Hawana duka la kupanga wala dalali wa kumlisha. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia.

Walakini biashara hii imezaa ugomvi ambao hauna budi kusemwa wazi. Mnunuzi akipokea mzigo husema, “Hiki sicho nilichonunua, nirudishie fedha zangu.” Muuzaji hujibu, “Nilituma kitu kizuri, sirudishi hata senti.” Kila mmoja ana simu mkononi na hasira moyoni, na hakuna soko, wala mzee wa soko, wala jirani aliyeshuhudia. Je, nani ana haki?

Na tuchukue mfano. Mama mmoja wa Uyole auza kiroba cha mchele cha kilo 50, kilo moja shilingi 3,000, jumla shilingi 150,000. Aliandika chini ya picha: “Mchele wa Kyela, daraja la kwanza.” Mnunuzi wa Dar es Salaam aupokea, aupika siku nne, kisha apiga simu: mchele una chenga nyingi, hauna harufu ya Kyela, nao umepungua kilo tatu. Adai shilingi 150,000 zote, na nauli ya basi juu yake. Mama ameapa kwamba mchele ni mzuri. Lakini mtaji wake ni mkopo wa kikundi, na fedha zile amekwisha kununulia mpunga mwingine. Akizirudisha zote, juma lijalo hana cha kuuza. Asipozirudisha, jina lake litatangazwa kwa maelfu ya watu kuwa ni la mwizi. Hilo ndilo jambo ambalo wengine huliita dogo.

Tuanze na makosa ya wauzaji, kwa kuwa wao ndio wanaoshika fedha kwanza. Wapo wanaotundika jina la Kyela juu ya mchele ambao haujapata kuiona Kyela. Mchele wa Usangu, kule Mbarali, ni mchele mzuri, nao walisha watu wengi. Hauhitaji kuazima jina la jirani. Anayeuita wa Kyela awadhulumu watu watatu kwa neno moja: mnunuzi aliyelipia asichopewa, mkulima wa Kyela aliyejenga jina lile kwa jembe, na mkulima wa Mbarali ambaye jina lake lafichwa kana kwamba ni aibu. Wapo pia wanaopiga picha gunia zuri na kutuma gunia jingine. Na wapo ambao, wakisikia neno “rudisha”, humfungia mnunuzi asiweze kupiga simu tena. Huko si kujitetea bali ni kukimbia, na njia ya mwongo ni fupi.

Lakini yafaa pia tuwaambie wanunuzi ukweli. Wapo wanaokula nusu ya kiroba ndipo wakumbuke kwamba hawakukipenda. Wapo wanaopokea mzigo asubuhi, na adhuhuri huiomba kampuni ya simu izuie fedha wakidai walikosea namba. Wapo wanaotisha: “Nipe fedha, ama nitakuchafua mtandaoni,” hali wakijua kwamba mzigo hauna kasoro. Mtu wa namna hii hujiona mwerevu kwa sababu amemshinda mfanya biashara. Kumbe hakumshinda tajiri yeyote. Amemnyang'anya mama wa Uyole ada ya shule ya mtoto wake.

Chama chetu kilifundisha, tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwamba unyonyaji ni kula jasho la mtu mwingine. Watu wengi hulisikia neno hili wakadhani lamhusu bepari mwenye tumbo kubwa tu. La hasha! Muuzaji anayezuia fedha za kitu kibovu anyonya, na mnunuzi anayedai fedha za kitu kizuri alichokwisha kula anyonya vile vile. Udogo wa shilingi haubadili jina la tendo. Na katika ahadi za mwanachama imo ahadi ya kusema kweli daima. Haikuandikwa kwamba ahadi hiyo yaishia mlangoni mwa mkutano.

Wengi hudhani kwamba mambo ya simu hayana sheria. Sivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, husema kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo hakina budi kufanana na maelezo yale. Ukiandika “Kyela”, tuma Kyela. Ukiandika “kilo 50”, zitimie 50. Sheria hiyo humpa mnunuzi nafasi ya kuukagua mzigo ambao hakuuona kabla, kabla ya kuhesabiwa kwamba ameupokea. Akiwa na haki ya kuukataa, halazimiki kuurudisha kwa gharama yake, isipokuwa kama walipatana hivyo. Yatosha amwarifu muuzaji kwamba ameukataa. Lakini akiisha kuutumia kama mali yake, haki ya kuukataa mzigo wote humtoka, naye hubakiwa na haki ya kudai fidia ya kasoro tu. Tena muuzaji akiukabidhi mzigo kwa msafirishaji, kwa kawaida huhesabiwa kwamba amemkabidhi mnunuzi, ila awe amefanya mapatano ya kufaa na msafirishaji huyo. Kadhalika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yakubali kwamba maneno yaliyoandikwa katika simu ni ushahidi mbele ya mahakama.

Tukirudi kwa mama wa Uyole, sasa twaweza kuona njia. Mnunuzi aliyepika siku nne hana haki ya kudai shilingi 150,000 zote. Lakini kama kilo tatu kweli zilipungua, anadai shilingi 9,000, na mama azilipe siku ile ile bila manung'uniko. Dawa ya deni ni kulipa. Kama mchele si wa Kyela, mama amekosa hata kama ni mtamu, na yampasa kulipa tofauti ya bei. Na kama mchele ni wa Kyela, umetimia uzito, na chenga zake ni za kiasi alichokitaja kabla ya kuuza, basi aseme “hapana” kwa adabu, na asiogope. Kurudisha fedha kwa hofu ya kutukanwa si uungwana. Ni kumfundisha mwongo kwamba uongo walipa, na kesho atakwenda kwa mama mwingine.

Lakini atajuaje, na atathibitishaje? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ugomvi wa kurudisha fedha huamuliwa kabla ya mzigo kupanda basi, si baada yake. Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa kila muuzaji wa Mbeya na Iringa.

Kwanza, taja kitu kwa jina lake la kweli, mahali kilipotoka, uzito wake kwa kilo, na kasoro zake. Mchele wenye chenga uitwe wenye chenga, upate bei yake. Viazi viuzwe kwa kilo, wala si kwa lumbesa. Wakulima wetu wameonewa kwa gunia la lumbesa miaka mingi mno, basi tusiipeleke dhuluma hiyo katika simu.

Pili, andika masharti ya kurudisha kabla ya kupokea fedha: mnunuzi ana siku ngapi za kulalamika, alete picha ya namna gani, na nani atalipa nauli ya kurudisha mzigo. Twaona haki ni hii: kosa likiwa la muuzaji, nauli ni yake, mnunuzi akiwa amebadili nia tu, nauli ni ya mnunuzi. Sharti lililotajwa baada ya ugomvi si sharti, ni hila.

Tatu, siku ya kufunga mzigo, upime mbele ya mtu, upige picha ukiwa juu ya mizani na baada ya kushonwa, na utunze stakabadhi ya ofisi ya basi. Mnunuzi naye aupige picha kabla ya kukata uzi. Kazi hiyo haizidi dakika tano, nayo yatosha kuokoa mtaji wa mwaka.

Nne, madai yakija, usijibu kwa hasira, wala usinyamaze. Uliza, omba picha, linganisha na zako, toa jibu siku hiyo au ya pili yake. Mzigo ukiwa wa kurudishwa, urudi kwanza au uthibitishwe umekabidhiwa basini, ndipo fedha zitoke. Nazo zitoke kwa namba ile ile iliyolipa, si kwa namba nyingine itakayotajwa, maana matapeli wengi hupitia hapo.

Kuna mambo mengine ambayo hayana mkosaji. Vikapu vya Iringa vya milulu husukwa kwa mikono, na hakuna viwili vilivyofanana kama sarafu. Mnunuzi aliyeona rangi moja katika kioo cha simu aweza kupokea iliyokoza zaidi, na wote wawili wakawa wakweli. Katika hali hiyo twashauri mapatano: wabadilishane, au wagawane nauli, au muuzaji apunguze bei kidogo na mnunuzi abaki na kikapu chake. Biashara haigombi. Na muuzaji aandike mapema kwamba kazi ya mkono hutofautiana, ili asije akaonekana mjanja.

Wakishindwa kupatana, wasikimbilie matusi. Wawatafute watu wawili wanaoaminiwa na pande zote, wazisome jumbe zote tangu ya kwanza. Ikishindikana, Tume ya Ushindani ipo kwa malalamiko ya wanunuzi waliopotoshwa, na Mahakama ya Mwanzo ipo kwa deni la mapatano. Kumtangaza mtu kuwa mwizi kabla ya kumsikiliza ni dhuluma nyingine, nayo haifutiki kwa urahisi.

Mwisho tuna neno kwa wenzetu katika Chama, katika vyama vya ushirika na katika halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imewekwa kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wengi wao sasa huuza kwa simu. Haitoshi kumpa mtu mkopo na kumwacha ajifunze kwa hasara. Kila kikundi kiwe na mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na masharti mamoja ya kurudisha fedha yanayojulikana na wanachama wote. Mmoja wao akidaiwa kwa haki na hana fedha, kikundi kimkopeshe alipe, kwa maana jina likichafuka huchafuka la wote. Akidaiwa kwa uongo, kikundi kisimame naye. Mama mmoja mwenye simu aweza kutishwa. Mama ishirini wenye daftari hawatishiki.

Sisi wa Nyanda za Juu tumejaliwa udongo, mvua na mikono isiyochoka. Mchele wetu, viazi vyetu, chai yetu na vikapu vyetu havihitaji hila ili vipate mnunuzi: kizuri chajiuza. Kinachohitajiwa ni kwamba mtu wa mbali, anapotuma fedha asimwone anayezipokea, awe na hakika kwamba hauziwi mbuzi kwenye gunia. Na kwamba msukaji wa Iringa, anapotuma kikapu chake, awe na hakika kwamba jasho lake halitaliwa bure. Kila mwanachama anayenunua au kuuza leo na aanze yeye, kwa mzigo ulio mbele yake.