Kuaminiana na Mbia wa Mbali

Siku hizi si ajabu mgeni kutoka ng'ambo kufika katika kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu na kuwaambia: "Tufungue kampuni pamoja. Mimi nitaleta fedha na soko, ninyi leteni kazi na jina lenu." Mkataba una kurasa nyingi na mihuri. Je, mkataba unatosha kuwafanya watu wa nchi mbili waaminiane? Mwezi huu tutazame makampuni mawili makubwa ya ubia. Tukiyaondolea mamilioni yake, mambo yake ni yale yale ya mama na jirani yake wanaouza maandazi pamoja.

Katika mji wa Hangzhou, huko China, Bw. Zong Qinghou alianza mwaka 1987 na duka dogo la shule. Baadaye akatengeneza kinywaji cha kuwatia watoto hamu ya chakula, na kampuni yake ikajulikana kwa jina la Wahaha. Mwaka 1996 akaungana na kampuni ya Danone ya Ufaransa. Danone pamoja na kampuni ya fedha ya Hong Kong walikuwa na asilimia 51 ya hisa, na upande wa Wahaha asilimia 49. Kampuni ile ya Hong Kong ilipoanguka, Danone wakanunua sehemu yake, na hivyo wakawa na sauti kubwa peke yao.

Kwa miaka kadhaa faida iliingia vizuri. Danone walimwachia Bw. Zong uendeshaji wote. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikumalizwa tangu mwanzo, nalo ni jina. Walikuwa wamekubaliana kwamba jina la Wahaha liwe mali ya kampuni ya pamoja, lakini ofisi ya serikali haikuidhinisha uhamisho huo. Basi mwaka 1999 wakaandika mkataba wa kulitumia tu. Mkataba mrefu wakabaki nao wenyewe, na mfupi wakaupeleka serikalini.

Hapo ndipo sisi tunapokunja uso. Watu wawili wakizoea kuficha jambo pamoja, ni rahisi kesho wafichane wao kwa wao. Na ndivyo ilivyokuwa. Danone walilalamika kwamba Bw. Zong amefungua makampuni mengine pembeni yanayouza vinywaji vile vile kwa jina lile lile. Yeye akajibu kwamba walijua siku zote. Tena, alisema, mbona wao wenyewe wamenunua hisa katika makampuni ya China yanayoshindana na Wahaha? Mwaka 2007 ugomvi ukatoka nje, wakashtakiana China, Marekani na mbele ya wasuluhishi huko Stockholm. Septemba 2009 Danone wakakubali kuuza asilimia zao 51 na kuondoka.

Hatusemi nani alikuwa na kosa kubwa zaidi. Tunaona tu kwamba hesabu ziliulizwa baada ya miaka mingi, wakati kila upande ulikwisha kuweka kinyongo. Mwenzako akikuuliza habari za daftari kila mwezi, huoni vibaya, ni desturi. Akikaa kimya miaka kumi kisha akauliza siku moja, utajua amekwisha kukushuku.

Sasa twende Fremont, katika jimbo la California. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari huko ambacho kilifungwa mwaka 1982. Wafanyakazi na wakubwa walichukiana; wengi hawakufika kazini, na migomo ilikuwa mingi. Toyota ya Japani wakakubali kukifungua tena pamoja na General Motors, nusu kwa nusu. Kazi ikaanza mwaka 1984. Ajabu ni kwamba wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale waliokuwa na sifa mbaya!

Toyota waliwapeleka mamia ya watu hao Japani wakajifunze bega kwa bega na wenzao. Waliporudi, walikuta kamba imetundikwa juu ya sehemu zao za kazi. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, aliruhusiwa kuivuta, hata kama kazi yote ingesimama. Fikiri, mama, ni sawa na kumpa msichana wa kazi ruhusa ya kusimamisha mapishi ya arusi kwa sababu ameona jiwe katika mchele. Nani angethubutu? Lakini walipoivuta, kiongozi wao alikuja kuwasaidia, wala hakuwagombeza. Wakubwa nao walikula chumba kimoja na wafanyakazi.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1988. Magari hayakununuliwa vizuri, na kazi ikapungua sana. Kampuni ilikuwa imeahidi kwamba haitapunguza watu upesi. Wafanyakazi walingoja kuona kama neno lile lilikuwa la kweli, kwa kuwa walikwisha kuachishwa mara moja na walijua njaa yake nyumbani. Hakuna aliyepunguzwa. Waliokosa kazi waliwekwa katika mafunzo na kutengeneza kiwanda. Kwa maoni yetu, mwaka huo mmoja ulijenga imani kuliko mikutano yote ya kutia sahihi.

Si kwamba kuaminiana kulizuia kila taabu. General Motors walifilisika mwaka 2009 wakajitoa katika ubia, na Toyota peke yao hawakutaka kuendelea. Tarehe 1 Aprili 2010 gari la mwisho, Corolla, lilitoka mlangoni, na maelfu wakarudi nyumbani bila kazi. Kiwanda kilikuwa kimefanya kazi kwa ubia kwa muda wa robo karne, na watu wale wale ambao hapo kwanza hakuna aliyewaamini.