Jiwe la Kombeo Laenda Wapi?

Utotoni tulipowinga ndege shambani, tulidhani jiwe la kombeo likiachiwa hukimbia kufuata mstari wa kamba. Mwenzetu akasimama ubavuni pasipo hofu, akapigwa pajani. Kumbe tulikosa! Jiwe lizungukalo hugeuza njia kila nukta, maana kamba yalivuta kuelekea mkononi. Kamba ikiachiwa, jiwe hushika njia ile ile liliyokuwa nayo nukta hiyo: mstari mnyofu ugusao duara mahali pamoja tu, uliokingama na kamba kama pembe ya mraba. Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kisipovutwa wala kusukumwa hakipindi njia. Basi, wazazi, tuwafundishe watoto: ubavuni mwa mrushaji si mahali pa usalama.