Chupa za Kariakoo na Bahari



Utajwapo utunzaji wa bahari, wengi wetu hapa Kariakoo hudhani ni kazi ya mabingwa wa ng'ambo. Tumewasahau wa kwetu. Jaji Joseph Warioba alichaguliwa mwaka 1983 kuiongoza tume iliyoandaa vyombo vya kutekeleza Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Kisha, kuanzia 1996, akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, mjini Hamburg. Mwaka 2005 akachaguliwa Jaji James Kateka.

Nasi je? Twatupa chupa ya maji mtaroni. Masika huikokota hadi Mto Msimbazi, nao huimwaga baharini penye Daraja la Selander. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 imesaidia, sibishi; ila chupa haikuzigusa.

Kwa maoni yangu, mnunuzi na aweke dhamana ya chupa ya plastiki, arudishiwe fedha yake aileteapo tupu. Kwa chupa ya soda ya kioo, mwenye duka wa Mtaa wa Kongo hahitaji kufundishwa hesabu hiyo.