Revolveri mfukoni haitatulinda

Leo sileti habari ya mkutano wala ya ziara ya mkubwa fulani. Nataka tuzungumze juu ya jambo linalosemwa kwa sauti ndogo sokoni, kwenye parkingi za motari na kwa wabadilisha pesa, hapa Butembo na kule Beni. Wanasema kila mfanyabiashara, kila motari wa usiku, hata kila baba wa nyumba, atafute revolveri na kutembea nayo kila siku. Wengine hawaulizi tena kama inafaa. Wanabishana tu juu ya kuchagua: ya risasi tano ao ya sita, ya mdomo mfupi ao mrefu, ya kuweka mfukoni ao kiunoni.

Jibu langu ni hili: usichague yoyote. Na nitasema sababu zangu bila kuzunguka.

Kwanza, hasira yenu ninaielewa. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa na ADF. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, gavana ni mwanajeshi, na bado watu wanazikwa. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa Juni 2024, na familia zilizotoka kule ziko hapa kati yetu, pamoja na zile zilizokimbia Bapere. Mjini nako, wabandi wenye silaha wanaingia nyumbani usiku, wanapora, wanaua, wanaondoka. Mtu anayeuliza "basi nijilinde na nini?" hana wazimu. Ana haki ya kuuliza. Ila jibu analopewa sokoni ni la uongo.

Tuangalie chombo chenyewe. Sifa ya revolveri ni kwamba haina mambo mengi: risasi ziko ndani ya silinda inayozunguka, na haikwami ovyo kama bastola ya magazini. Hiyo ni kweli. Lakini risasi ni tano ao sita, basi. Zikiisha, ufungue silinda, utoe maganda, uingize nyingine mojamoja, mikono ikitetemeka, gizani. Ile ya mdomo mfupi, ambayo ndiyo inaingia mfukoni, ni ngumu kulenga nayo hata mtu aliye hatua chache mbele yako. Walioizoea wamefanya mazoezi miaka mingi. Wewe utafanyia wapi? Ukipiga risasi moja tu nyuma ya nyumba, mtaa mzima utabeba magodoro na kukimbia, na jeshi litakuja kwako. Na zile zinazotengenezwa kienyeji, ndugu za zile bunduki tunazoita baridi, zinaweza kupasuka mkononi mwa mwenye kuzishika.

Upande wa pili yuko nani? Mubandi wa mjini haji peke yake, na mara nyingi ana AK-47 yenye risasi 30. ADF wanakuja kwa kundi, mara nyingine wamevaa nguo za jeshi, na huwezi kuwatambua mpaka wamefika mlangoni. Kumbukeni gereza la Kangbayi, Beni, Oktoba 2020: wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroshwa. Kumbukeni gereza la Kakwangura, hapa Butembo, Agosti 2022: zaidi ya 800. Magereza yale yalikuwa na walinzi wenye bunduki. Kama bunduki za walinzi hazikutosha, risasi zako sita zitafanya nini? Na tarehe 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani Kasindi kati ya watu wanaosali, ni revolveri gani ingelizuia?

Jambo la pili ni sheria. Sheria ya silaha ya nchi hii ni ya tarehe 3 Septemba 1985, na inasema wazi kwamba raia hashiki silaha bila kibali cha serikali. Chini ya hali ya dharura, kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Fikiri sasa uko barabara ya Butembo kwenda Beni, kilomita 54 hivi, na vizuizi viko njiani. Askari anakupapasa, anakuta chuma kiunoni. Utamwambia wewe ni muuza vitenge? Kwake wewe ni mubandi, ao mai-mai, ao mshirika wa ADF. Ukibahatika utalala gerezani. Usipobahatika hutapata hata nafasi ya kueleza. Na ukikamatwa na vijana wa mtaa wenye hasira, ni vibaya zaidi. Wao hawana hata hiyo mahakama.

Tatu, jiulize hiyo revolveri inatoka wapi. Silaha ya soko la siri haina duka wala risiti. Anayekuuzia wewe leo, jana aliuzia nani? Pesa yako ya vitenge ao ya kakao inaingia katika mfuko uleule unaonunua risasi za wanaotuua. Na sifa ya kuwa na silaha haifichiki. Mubandi akisikia unayo, haogopi. Anaitamani. Atakuja kwa ajili yake, na atapiga kwanza.

Nne, na hapa nasema hasa na familia zilizopokea wakimbizi. Nyumba zetu zimejaa. Familia tatu katika vyumba viwili, watoto wanalala chini ya meza na wanachunguza kila kitu. Revolveri utaificha wapi ambapo mtoto wa miaka sita hatafika? Na sisi wenyewe tunajijua. Tuna ugomvi wa mipaka ya shamba, tuna madeni, tuna kasiksi ya jioni. Ugomvi ambao jana uliisha kwa ngumi na wazee wakaupatanisha, ukiwa na revolveri unaisha kwa kaburi.

Kuna watu wananijibu na habari ya Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Ni kweli, raia wenye bastola waliingia katika jengo lile na kuokoa watu wengi, na wanastahili heshima. Lakini raia wale walikuwa na vibali na walijua kutumia silaha zao. Na hata hivyo, katika vurugu ile, kamanda wa kikosi maalum cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa nchi yake mwenyewe. Kama wenye kazi yao walishindwa kutambuana mchana ndani ya jengo, sisi tutatambuana vipi usiku mtaani, kila mtu na chuma chake?

Kwa hiyo tukae tu na kungoja kufa? Hapana. Filimbi, vuvuzela na sufuria zilizopigwa usiku katika mitaa yetu zimeonyesha nguvu yake: mtaa mzima ukiamka pamoja, mubandi anapoteza siri, na siri ndiyo silaha yake kubwa. Kila nyumba kumi ziwe na namba ya simu ya jirani, ya chefu wa mtaa na ya askari wa doria. Taa mbele ya mlango. Mbadilisha pesa asirudi nyumbani na mfuko uleule kwa njia ileile kila jioni. Mgeni apokelewe vizuri na aandikishwe kwa chefu, bila kumtesa wala kumshuku kwa kabila lake.

Na hasira yetu tuipeleke panapostahili. Tangu Goma ianguke Januari 2025, gavana anakaa Beni, karibu na sisi. Tumwombe mambo matatu, kwa barua na kwa maandamano ya amani: doria za miguu usiku ndani ya mitaa, si magari barabara kubwa tu, wenye bunduki wote, hata wale wanaojiita Wazalendo, watoke nazo sokoni na katika mabaa, na askari anayekodisha ao kuuza silaha yake ahukumiwe mbele ya watu, ili tuone. Kulinda raia ni kazi ya serikali, na tunailipia kodi. Siku tutakayojinunulia revolveri kila mtu, tutakuwa tumeiambia serikali kwamba imesamehewa kazi hiyo.

Mimi siisamehi. Nanyi msiisamehe. Pesa ya revolveri, nunueni filimbi za mtaa mzima, na kitakachobaki kiwe karo ya mtoto.