Adui Naye Ana Mamake

Mwezi wa Novemba 2025, Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Kenya ilitangaza kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wakawa wamo katika jeshi la Urusi, wakipigana na Ukraine. Siku hizo hizo waziri wa mambo ya nje wa Ukraine alitaja watu 1,436 kutoka nchi 36 za Afrika waliotambuliwa katika jeshi hilo. Na kabla ya hapo, mwezi wa Septemba, Waukraine walikuwa wamekwisha kutoa picha za kijana wa Kikenya waliyemteka vitani. Wengi katika vijana hawa, kwa maelezo ya jamaa zao, waliondoka hapa wakiahidiwa kazi za kawaida na mishahara minono, wakajikuta wamekabidhiwa bunduki.

Habari hiyo ilipofika barazani kwetu, baada ya sala ya Magharibi, ilizua maneno mengi. Mmoja alisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hao ni mamluki, na wafe huko huko." Tuliokuwepo tukacheka kidogo. Lakini palikuwa na mzee mmoja ambaye hakucheka. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akasema, "Jamani, mimi nina mjukuu aliyekwenda Ulaya kutafuta kazi, na mwezi wa tatu huu hatujamsikia. Akiwa ndiye yule wa kwenye picha, mtacheka hivyo hivyo?" Baraza zima likanyamaza.

Msomaji, kunyamaza kule ndiko kulikonifanya niandike haya. Kwani sisi tumezoea kusikia neno "adui" likatajwa mbali, likiwa halina sura wala ukoo. Leo adui wa Mukraine ni kijana aliyelelewa kwa wali wa nazi na ugali kama sisi. Na aliyemteka, akimtazama machoni, ana mambo mawili mbele yake: amwone kuwa ni bunduki iliyokuja kumuua, au amwone kuwa ni mtoto wa watu. Katika uamuzi huo ndimo ulimo uhai wa kijana wetu.

Wala hili si geni kwetu. Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, vilipiganwa hapa hapa mlangoni. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta. Mwezi wa Novemba mwaka huo Waingereza walileta majeshi kutoka Bara Hindi, watu wapatao 8,000, wakayashusha Tanga ili wauteke mji, nao wakapigwa vibaya na jeshi dogo zaidi la Jenerali von Lettow-Vorbeck. Baada ya mapigano wajumbe wa pande zote mbili walikutana chini ya bendera nyeupe, wakapanga namna majeruhi wa Kiingereza waliosalia mjini watakavyochukuliwa. Watu hao hao waliokuwa wakiuana juzi walikaa pamoja wakazungumza habari za wagonjwa.

Lakini hao walikuwa wakubwa. Tuwatazame wadogo. Askari wa Mjerumani na askari wa King's African Rifles walikuwa Waafrika wote, na walipotaka kuelewana na mtu wa kabila jingine, pande zote mbili lugha ilikuwa hii hii yetu ya Kiswahili. Aliyejeruhiwa usiku kichakani, akilia "maji, maji", alisikiwa na adui yake bila ya mkalimani. Ugomvi haukuwa wao. Mfalme wa Uingereza na Kaizari wa Ujerumani walikuwa mtu na binamuye, na ugomvi wao wa nyumbani ukaja kumalizwa kwa damu ya Mnyamwezi, Msudani, Mnandi na Mgiriama. Wapagazi wa upande wa Mwingereza peke yao waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na hilo jeshi lao la wapagazi.

Sasa tazama ajabu hii. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha K.A.R., na askari wake walitolewa katika mateka waliokuwa wakimpigania Mjerumani. Yule aliyeitwa adui alivishwa sare, akapewa bunduki, akaitwa mwenzetu. Je, ni kitu gani kilichobadilika ndani yake? Hakuna. Mtu alikuwa ni yule yule. Kilichobadilika ni kofia. Na kama aliyemteka angalimmaliza siku ile aliponyanyua mikono, basi angalimuua askari wake mwenyewe wa kesho. Hapo ndipo uadui wa vita unapojulikana kuwa ni nguo ya kuazima, na mwenye nguo huitaka ikarudi.

Ukumbusho nao una upande. Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamkumbuka aliyempigania mshindi. Mwenzake aliyetoka mji ule ule akafa chini ya bendera ya Mjerumani hakukumbukwa hapo, ijapokuwa udongo uliomfunika ni mmoja, na mama zao wote wawili walikaa eda ya machozi.

Kwa sisi tuliosoma chuoni, mafunzo haya hayakutoka Geneva. Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita, unaamrisha mateka atendewe kiutu, apewe chakula na matibabu, aruhusiwe kuwaandikia watu wake barua, wala asifanywe tamasha la kutazamwa na kutukanwa. Lakini katika Suratul Insani, aya ya nane, mateka ametajwa pamoja na maskini na yatima katika wale wanaolishwa na watu wema. Na baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, walitekwa Makureshi wapatao 70, miongoni mwao Abu Aziz bin Umeir, ndugu wa sahaba Mus'ab bin Umeir. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Ansari waliomteka walikuwa wakimpa yeye mkate na wao wakila tende, hata akaona haya akawa akiwarudishia, nao wakikataa kuupokea. Na wako mateka waliojikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Adui aligeuzwa mwalimu.

Tena imesimuliwa kwamba jeneza lilipita, Mtume (s.a.w.) akasimama. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi. Akawauliza kama hiyo nayo haikuwa nafsi. Hapo hapakuulizwa dini wala upande.

Basi yatupasa tuone haya tukitazama Sudan. Vita vilivyozuka tarehe 15 Aprili 2023 vilikuwa baina ya majenerali wawili, Burhan na Dagalo, ambao mwaka 2021 walishirikiana kuipindua serikali. Askari wao wanasoma Fatiha moja na wanaelekea Kibla kimoja. Mwezi wa Mei 2023 wajumbe wao walitia sahihi mjini Jeddah kwamba watawalinda raia na kuwatendea mateka kwa utu. Wino haujakauka, wakaendelea. Mji wa El Fasher ulipoanguka mwezi wa Oktoba 2025, zilitoka picha za watu wasio na silaha wakiuawa, na waliowaua wakijipiga picha kwa furaha. Kuwa na dini moja hakukuwazuia. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya kumuua mtu kwa risasi walikuwa wamekwisha kumuua kwa jina, wakamwita mtumwa. Aliyekwisha kuvuliwa utu kwa ulimi ni rahisi kuuawa kwa mkono.

Wako watakaosema, "Vita ni vita, ukimhurumia adui atakumaliza." Maneno haya yana ukweli nusu. Mwenye kukunyanyulia silaha, utapigana naye. Lakini aliyeituwa? Jeshi linaloua mateka huwafundisha maadui wasisalimu amri kamwe, wapigane hadi mwisho, na huwafungia mlango wa kurudi nyumbani watoto wake lenyewe waliotekwa upande wa pili. Urusi na Ukraine, pamoja na chuki yote iliyoko kati yao, zimebadilishana mateka mara nyingi, mara nyingine kwa usuluhishi wa Falme za Kiarabu, na katika mwezi wa Juni 2025 Ukraine ilirudishiwa maiti zaidi ya 6,000. Hata maiti ina mwenyewe anayeingoja. Ikiwa wao wameweza kuafikiana hivyo huku mizinga ikilia, kwa nini Waislamu wa Sudan wasiweze?

Na yule bwana wa barazani aliyesema mamluki na wafe, namjibu hivi. Mwenye kosa ahukumiwe, na aliyewadanganya vijana wetu ahukumiwe kwanza. Lakini tukisema kijana wetu hastahili huruma kwa kuwa amevaa sare ya Mrusi, tumemruhusu Mukraine aseme hivyo hivyo, naye ndiye aliyeshika bunduki. Serikali nayo isichoke kuwaulizia vijana hawa, walio hai na waliokufa.

Jioni ile tulipoondoka, yule bwana alimshika mzee mkono akamwambia, "Mzee wangu, niwie radhi. Mungu atamrudisha." Mpaka ninapoandika haya, mjukuu hajasikiwa. Nami nimetunga ubeti huu mmoja kwa ajili yake:

Adui akisalimu, silaha akiituwa,
Huyo ni mwana Adamu, uhai amejaliwa,
Usimwage yake damu, Mola wake anajuwa,
Kwao mama yu na hamu, mlangoni angojewa.