Mashine ile ile, fundi yule yule, mshahara hakuna

Haya wadau, nilipotea kidogo, TP ilinimeza mzima mzima. Leo nimerudi na nina hasira, mtanivumilia.

Juzi kwenye semina mwalimu wetu mmoja (jina kapuni, bado ana mtihani wangu wa kusahihisha) alisema wanafunzi wanaosoma huku wameajiriwa ndio wanaoshusha hadhi ya digrii. Eti mtu achague moja, shule au mshahara. Darasa likatikisa vichwa kukubali, na nusu ya hao waliotikisa nawajua, wanapiga tempo kwenye sekondari za mitaani ili bumu lisikate kabla jingine halijaingia. Mie pia napiga. Unafiki mtupu!

Sasa niwaambie habari za kaka yangu. Ni fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Boila, pampu, konveya, zote zikigoma usiku anaitwa yeye. Alipotaka kupanda akajiandikisha digrii ya uhandisi mitambo, masomo ya jioni. Anaingia kazini saa moja asubuhi, anatoka saa kumi, anapambana na foleni, saa kumi na moja na nusu yuko darasani na ovaroli ndani ya begi. Nyumbani anafika saa tano usiku. Shemeji anasema watoto wanamwona Jumapili tu, na Jumapili yenyewe amelalia vitabu.

Uchovu anaumudu. Kinachomuua ni kwamba kazi na chuo havijuani kabisa. Ratiba ya UE ilipotoka semesta iliyopita, kiwandani wakambadilishia shifti wiki ile ile, akaingizwa usiku. Akaomba, akaambiwa chuo ni mambo yako binafsi. Akaenda chuoni kueleza, akaambiwa kazi ni mambo yako binafsi. Mtihani wa mwendo wa vimiminika akaufanya ametoka kukesha kwenye pampu, yaani ametoka kushika mikononi kile kile alichoulizwa kwenye karatasi, na akala sapu. Halafu mtu anasimama mbele yetu kusema huyo anashusha kiwango?

Kituko kikubwa kilikuja kwenye PT. Chuo kinataka wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Akasema sawa, nitafanyia kiwandani kwangu. Chuo kikakubali. Kiwanda nacho kikakubali, ila wakamwambia kwa wiki hizo wewe ni mwanafunzi, kwa hiyo utapewa nauli tu. Mashine ile ile, spana ile ile, hata kitanda cha zamu kile kile, mshahara hakuna! Na logibuku ikasainiwa na kijana aliyetoka chuo mwaka juzi, ambaye kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuwasha boila.

Nikaanza kuchimba wenzetu wanafanyaje. Kule Uingereza, kwa England hasa, tangu 2015 kuna uanagenzi wa digrii. Kijana anaajiriwa na kampuni, tuseme ya uhandisi, analipwa mshahara kama mfanyakazi, na digrii anaisoma kama sehemu ya ajira hiyo hiyo. Ada halipi yeye. Na utamu uko hapa: saa za mafunzo zinatakiwa ziwe ndani ya muda wa kazi unaolipwa. Zamani kipimo kilikuwa asilimia 20 ya muda wa kazi, mwaka 2022 kikawa wastani wa saa 6 kwa wiki, tangu 2025 kila fani imepangiwa saa zake. Mwajiri, chuo na mwanafunzi wanafungwa pamoja kwa maandishi, kwa hiyo bosi hawezi kusema chuo ni mambo yako. Sisemi ni peponi. Nafasi ni chache, waombaji lundo, miaka inakuwa mingi, na kazi za chuo bado zinakula wikiendi za watu. Lakini mtu anachoka akiwa na mkataba mkononi.

Najua mtakachosema: "Wao wana hela." Haya, tuhesabu hela. Tozo inayolipia mpango wao ilianza Aprili 2017, na mwajiri anakatwa asilimia 0.5, tena ni yule tu ambaye mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka. Hapa kwetu tuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, inayomgusa mwajiri kuanzia watu kumi. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Imeshushwa, na bado ni mara saba ya ile ya Uingereza! Kiwanda cha kaka kinailipa kila mwezi, pamoja na kwa mshahara wake yeye. Sehemu inakwenda VETA, sawa, sina ugomvi. Ila fundi anayesoma digrii usiku haoni hata senti ya tozo inayoitwa ya ujuzi.

Na tusijifanye uanagenzi ni mgeni hapa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa miaka mitatu tangu 2003, mzuri tu, lakini unaingia ukishamaliza digrii. Kwa hiyo kaka akimaliza, ataanza kuhesabiwa mwanagenzi akiwa na miaka tisa kazini. Novemba 1974 Azimio la Musoma lilitaka kijana wa kidato cha sita akafanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Mwalimu aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sisi wa ualimu tunaisoma mwaka wa kwanza, tunaifanyia mtihani tumekaa kwenye viti, tunapata B, tunasahau.

Ninachotaka si kikubwa. Chuo kikimsajili mtu aliyeajiriwa, kiandikiane na mwajiri wake: wiki ya UE haguswi shifti. Kazi yake ikaguliwe na ihesabiwe kuwa PT, kwa mshahara wake kamili. Na mwajiri atakayekubali, apunguziwe hiyo SDL. Nani anapata hasara hapo? Mwalimu wangu wa semina anijibu hilo, au kama anasoma hapa ajibu chini, hata bila jina.

Sapu ya kaka ni Alhamisi. Safari hii amechukua likizo ya mwaka mzima, siku zake zote, ili apate kulala.