Safari ya Desemba Singida: ‘Lawalawa’ ya mtoto hutibiwa zahanati, si kwa wembe

Kama wewe ni mtu wa Singida unayeishi Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, najua mazungumzo ya nyumbani wiki hii ni nauli. Stendi ya Magufuli pale Mbezi imeanza kufurika, na wengine watapanda treni ya SGR hadi Dodoma, kisha wamalizie kwa basi kupitia Manyoni. Likizo ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo nafasi ambayo ukoo hukutana wote, wakala kuku wa kienyeji, ugali wa uwele na mlenda, na wazee wakawabeba wajukuu waliozaliwa mwaka huu.

Hapo kwenye wajukuu ndipo ninapotaka tuzungumze leo, hasa na wewe mwenye mtoto mchanga wa kike.

Hebu fikiria umefika kijijini, iwe Ikungi au Mkalama. Mtoto wa miezi minne anapokelewa kwa vigelegele na bibi anaomba amwogeshe. Akifungua nepi anaona wekundu na ute mweupe kidogo, na mtoto analia anapokojoa. Anamwita shangazi, wanaongea maneno mawili matatu, na hata kama wewe ni mkwe usiyejua lugha ya huko, neno moja utalisikia: lawalawa. Kesho yake unakwenda mnadani kununua mbuzi wa sikukuu. Unaporudi unaambiwa mtoto ameshatibiwa.

Tiba hiyo ni ukeketaji.

Lawalawa ni jina ambalo wananchi wa Singida na Dodoma hulitumia kwa muwasho, ute, harufu au vidonda vya sehemu za siri, hasa kwa watoto wa kike. Imani iliyoenea ni kwamba ugonjwa huo haumalizwi na dawa za hospitali, bali kwa kukata. Wazee waliohojiwa na watafiti wanasimulia kwamba zamani hapakuwa na lawalawa. Msichana alikeketwa akikaribia kuvunja ungo, kwa ngoma na sherehe. Miaka ya 1970, wakati Serikali ilipokuwa inazikataza sherehe hizo, ndipo habari za ugonjwa huu ziliposhika kasi, na ukeketaji ukashuka kutoka kwa wasichana hadi kwa watoto wachanga. Mila iliyokuwa inafanywa hadharani ikageuka kuwa matibabu ya chumbani.

Hapa ndipo Singida inapotofautiana na Tarime, mkoani Mara. Kule Desemba ya ukeketaji huonekana barabarani, kwa maandamano, nyimbo na zawadi, na binti mwenye umri wa kwenda shule anaweza kukimbilia nyumba salama. Mtoto wa miezi minne hakimbii popote. Tena anayemkata hajioni kama ngariba. Anajiona bibi aliyemponya mjukuu, na pengine kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana mabango yanayosema “tuache mila potofu” hayamgusi. Yeye hajui kama anaambiwa yeye, kwa kuwa alichofanya kwake kilikuwa dawa.

Basi tuuzungumze ugonjwa wenyewe, maana dalili ni za kweli.

Kwanza, si kila unachokiona kwenye nepi ni ugonjwa. Mtoto wa kike aliyezaliwa karibuni anaweza kutoa ute mweupe, na hata matone machache ya damu, katika wiki mbili za mwanzo. Chanzo ni homoni alizopata kwa mama yake akiwa tumboni, na hali hiyo huisha yenyewe. Nadhani watoto wengi wamekatwa kwa sababu ya ute huu usio na madhara yoyote.

Pili, kuna wekundu wa nepi. Ngozi ikikaa na mkojo na kinyesi kwa saa nyingi huchubuka, na fangasi hupata nafasi. Safari ya basi ya kutwa nzima, mtoto akiwa na nepi moja ndani ya joto, inatosha kabisa kuleta hali hiyo. Angalia mkasa ulivyo: mtoto anafika akiwa amechubuka kwa sababu ya safari yenyewe, na anayemfungua nepi ni bibi mwenye jibu lake tayari.

Tatu ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi tunayaita UTI. Mtoto wa kike ana njia fupi ya mkojo, na iko karibu na njia ya haja kubwa, hivyo akipanguswa kutoka nyuma kuja mbele bakteria husafiri kirahisi. Mtoto mchanga hatakuambia anaungua. Utaona homa isiyo na mafua wala kikohozi, kutapika, kukataa ziwa, au mkojo wenye harufu isiyo ya kawaida. Homa kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu haisubiri sikukuu iishe, nenda hospitali siku hiyohiyo. UTI hutibiwa kwa antibayotiki anazoandika daktari baada ya kupima mkojo, na ikiachwa inaweza kuharibu figo.

Kwa watoto wakubwa kidogo, muwasho wa usiku unaweza kuwa minyoo midogo myeupe inayotoka kwenye haja kubwa na kutambaa hadi mbele. Ute unaojirudia kila ukitibiwa unahitaji daktari aangalie kama kuna kitu mtoto amejiingiza, na pia aulize, kwa upole, kama kuna mtu anamchezea. Usikasirike ukiulizwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na kisimi, na hakuna linaloondolewa kwa kukikata.

Sasa utauliza, mbona bibi ameona watoto wakipona? Kweli amewaona. Ute wa homoni huisha wenyewe. Wekundu wa nepi hupungua mtoto akikaa bila nguo na kuoshwa kwa maji, na baada ya kukeketwa hivyo ndivyo hufanyika, kwani huoshwa na kuangaliwa kila siku kuliko alivyowahi kuangaliwa. Anapona kwa maji, hewa na siku zinavyopita, halafu sifa zinakwenda kwa wembe. Na wale ambao hawakupona hawasimuliwi kwenye mikutano ya ukoo.

Mtoto mwenye kilo 3 ana damu isiyofika mililita 300, yaani pungufu ya chupa moja ya soda. Hata mwenye kilo 5 ana kama mililita 400 tu. Eneo hilo lina mishipa mingi, na damu ambayo kwa mtu mzima ungeifuta kwa kitambaa inaweza kummaliza mtoto. Kuna pepopunda, hasa kama hajakamilisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kuna maambukizi ya damu, na kuna VVU pale wembe mmoja unapotumika kwa zaidi ya mtoto mmoja. Kovu nalo linaweza kubana njia na kuleta UTI za mara kwa mara, kwa hiyo dawa inazalisha ugonjwa uleule uliodaiwa kutibiwa. Miaka ishirini baadaye kuna uzazi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba waliokeketwa walipasuliwa zaidi wakati wa kujifungua, walitokwa damu nyingi zaidi, na watoto wao walikufa zaidi.

Utasikia viongozi wakisema Singida inafanya vizuri. Takwimu zinawaunga mkono kiasi: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 31 ya wanawake mkoani humo wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 20. Ila soma vizuri. Wanaoulizwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mtoto atakayekatwa Desemba hii hataingia kwenye hesabu hiyo mpaka atimize miaka 15. Na aliyekatwa akiwa na miezi minne huenda hajui mwenyewe, hivyo atajibu “hapana” kwa moyo mweupe. Mimi singepiga makofi bado.

Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inasema mwenye malezi ya msichana aliye chini ya miaka 18 anayemkeketa, au anayesababisha akeketwe, anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15, au kutozwa faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili. Faini hiyo leo hainunui hata ng’ombe mzuri. Lakini tatizo kubwa si faini. Shahidi ni mwanafamilia, mshtakiwa ni bibi, na aliyeumizwa hajui kuongea. Ndiyo maana naona nusu ya kazi hii ingefanyika kliniki, siku ya kupima uzito, mhudumu akimfungua mtoto nepi na kulitaja neno lawalawa kwa jina lake badala ya kuona aibu.

Wewe usisubiri hayo. Mpeleke mtoto kliniki kabla ya safari, aangaliwe mwili mzima, na kama kuna wekundu atibiwe huko huko. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi fedha katika vituo vya Serikali. Beba nepi za kutosha na umbadilishe kila basi linaposimama. Umwoshe kwa maji safi tu, kutoka mbele kwenda nyuma, bila chumvi, dawa za kuua vijidudu wala majani.

Kisha kuna simu ya kupiga, na apige mwenye mama yake. Mkwe asiachiwe mzigo huu, kwa sababu ataitwa mjuaji wa mjini. Baba mtoto ndiye aseme: “Shikamoo mama. Tunakuja na mjukuu wako. Tumempeleka hospitali, daktari amemwangalia na dawa tunazo. Akionekana na shida yoyote huko chini, naomba uniite mimi, tutampeleka zahanati pamoja na wewe.” Hayo maneno “pamoja na wewe” yana uzito, maana bibi habaki nje ya matibabu ya mjukuu wake. Mkifika, mwonyeshe kadi ya kliniki. Na ukienda mnadani, nenda na mtoto mgongoni.

Ukiona dalili kwamba jambo linapangwa, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kama limeshafanyika, usipoteze muda kugombana. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi na uende hospitali mara moja. Hata kama imekauka, nenda. Mweleze daktari ukweli wote, amekatwa lini, kwa kifaa gani, na kama kifaa hicho kilitumika kwa mtoto mwingine, ili aamue kuhusu pepopunda na dawa za kinga ya VVU. Dawa hizo huanzwa ndani ya saa 72, na saa zinahesabiwa tangu alipokatwa, hata kama wewe umegundua siku ya pili.